Mistari Thelathini na Minne

Mfaume Likunda alikataa kuvua shati.

"Nimelivua mara mbili mbele yenu," alisema, amesimama katikati ya chumba cha usomaji, mikono kaikunja kifuani. "Mara ya kwanza mkasema nina miaka kumi na mitatu. Korosho zikavunwa mara nne, mkanirudisha, mkasema nina kumi na mitano. Zimevunwa tena mara nne. Haya, leo mnanipa mingapi? Kumi na saba? Mbona miaka yangu mnaikata katikati kama mkate?"

Walinzi wawili waliomleta wakacheka. Somoe Chingwile hakucheka. Alikuwa msomaji wa mifupa wa mgodi wa Chiuwe kwa miaka minne sasa, na watu aliowasoma walikuwa na desturi moja: wanaingia kimya, wanageuza mgongo, wanatobolewa, wanaondoka. Huyu alikuwa anamkodolea macho kama anayedai chake.

"Kaka, mimi nasoma tu," alisema. "Sipangi."

"Mara ya pili ulinisoma wewe."

Somoe hakumkumbuka, na hilo lilimuuma kuliko sauti ya mtu mwenyewe. Angemkumbuka vipi? Faili la zamani halifunguliwi, eti msomaji asije akavutwa na usomaji uliotangulia. Vipande vya mfupa navyo huchomwa vikishasomwa. Kila anayeketi kwenye kigoda cha chumba hiki huketi kama vile amezaliwa asubuhi hiyohiyo.

"Dada, ngoja nikuoneshe kitu." Mfaume alitia mkono mfukoni, akatoa uzi wa katani uliosokotwa, mweusi kwa jasho na vumbi la kinywe, yale madini meusi ya Chiuwe. Ulikuwa umejaa mafundo. "Mama alikuwa akifunga fundo moja kila korosho zilipoanza kudondoka. Alipofariki nikaendelea mwenyewe. Yahesabu."

"Maneno ya mtoto hayaandikwi," mlinzi mmoja alikumbusha, kwa uvivu wa mtu anayerudia tangazo. Ndiyo ilikuwa sheria ya Chiuwe. Mwenye mabamba ya mfupa mgongoni ni mtoto wa Kampuni mpaka mfupa wake useme amefika kumi na nane, na mtoto hana ushahidi.

"Basi asiandike. Ahesabu tu."

Somoe akahesabu kwa vidole. Yalikuwa mafundo thelathini na matano.

Mfaume akavua shati mwenyewe, hakusubiri kuambiwa tena. Mgongo wake ulikuwa na safu nne za mabamba chini ya ngozi, kila moja upana wa kisoda, isipokuwa upande wa kulia kulikokuwa na makovu mawili marefu. Hayo yalikuwa mavuno mawili, mara mbili mabamba yalipokatwa. Mavuno ya tatu yalipangwa wiki ijayo, na Somoe aliwajua watu watano waliofika mavuno ya tatu. Hakuna hata mmoja aliyetembea tena. Wawili walikuwa makaburini.

"Msimamo wangu ni huu," Mfaume alisema akiwa amempa kisogo. "Mimi ni mtu mzima. Mtu mzima akisema hapana, ni hapana. Toboa."

*

Mfupa una njia mbili za kuzaliwa. Ule wa paja na wa mkono huanza kama gegedu, laini kama sikio, kisha gegedu huliwa taratibu na mfupa hushika nafasi yake. Bamba halina habari na gegedu. Huzuka ndani ya ngozi kavukavu, nyuzi za ngozi zenyewe zikigeuka jiwe. Mamba analo, baadhi ya mijusi wanalo, na katika mamilioni ya miaka wanyama watambaao wamelipoteza na kulirudisha mara nyingi mno, kwa sababu maagizo yake hayafutiki, hulala tu. Mababu wa Kampuni waligundua kwamba yamelala hata katika ngozi ya binadamu. Wakayaamsha katika mimba za wake wa wachimbaji, ili wazaliwe watu wa kuhimili miamba inayodondoka, na watu hao wakawa wanakua na kuzeeka polepole kama mamba, sura za ujana zisiwatoke upesi. Baadaye mashine zikaja, miamba haikuhitaji tena migongo ya watu, lakini mabamba yakapata kazi nyingine: yakipandikizwa mjini, huunganisha uti uliovunjika vizuri kuliko chuma.

Bamba likikatwa huota upya. Hapo ndipo penye balaa. Mwili hauna duka la chokaa, kwa hiyo huchota kwenye uti wa mgongo kujenga bamba jipya, na ukichota mara tatu, uti unabaki kama biskuti iliyolowa.

Somoe aligundisha kipande cha Mfaume kwenye kioo, akakisugua kwa msasa na maji, duara kwa duara, mpaka mwanga ukapita. Kazi hii aliipenda, Mungu amsamehe. Aliipenda tangu Lindi mjini, alipokuwa mwanafunzi anayesugua mabamba ya mamba wa ziwani yaliyoletwa kutoka Mwanza. Watambaao hukua kwa vipindi. Neema ikija mfupa hunenepa, kiangazi kikija husimama, na pale uliposimama hubaki mstari mwembamba, mweusi, usiofutika.

Mamba wa ziwani walikuwa na mistari miwili kila mwaka, maana ziwani kuna vuli na kuna masika, na kati yao kuna ukavu mara mbili. Kutokana na mamba hao likaandikwa Jedwali la Ziwa: hesabu mistari, gawanya kwa mbili, umepata umri. Somoe mwenyewe alisugua robo ya vipande vyake. Jina lake lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, herufi ndogo, na mama yake aliukata ukurasa huo akaubandika ukutani.

Aliinamia hadubini. Alianzia ndani kwenda nje, kama kawaida. Alipofika mwisho akarudia kutoka nje kwenda ndani.

Mistari thelathini na minne. Mafundo thelathini na matano. Na bamba huchipua mtoto akiwa ameshamaliza mwaka wa kwanza, kwa hiyo mstari wa kwanza huwa haupo.

Akainua kichwa, akatazama dirishani. Nje nyasi chini ya mikorosho zilikuwa zimekauka, ardhi nyekundu, joto linacheza juu ya paa za mabati. Ilikuwa Oktoba. Tangu Mei halijadondoka tone, na lisingedondoka hadi Desemba. Lindi nzima inalijua hilo, kuanzia mkulima hadi kuku wake: huku kusini mvua ni moja. Kiangazi ni kimoja. Mstari ni mmoja.

"Ewe Mola wangu," alisema kwa sauti, peke yake. Alikuwa amewasoma watu mia mbili na kumi na wawili.

*

Dakta Mshanga, Mlezi Mkuu wa Chiuwe, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, mwenye kunawa mikono mara kwa mara, na kila Sikukuu aliwanunulia walelewa wake viatu.

"Mvua," alisema hatimaye. "Unataka kuangusha Jedwali zima kwa habari za mvua."

"Kwa kosa langu, Dakta. Nilikuja na hesabu ya ziwani nikaitumia huku. Nimezaliwa huku, nikashindwa hata kutazama nje."

"Una mfupa wa mtu ambaye umri wake unajulikana? Kwa cheti, siyo kwa uzi?"

Somoe alijishika kola ya shingo.

"Huna. Wote wamezaliwa kambini, hawana vyeti." Dakta Mshanga alifungua mfereji, akanawa. "Bi. Somoe, juzi nilikuwa wodini mjini. Kuna binti wa miaka sita, uti wake umepondwa na lori. Amesimama wiki hii. Amesimama! Kwa bamba la hapa. Nenda kamwambie mama yake habari ya mvua."

"Mtu mzima akiulizwa anaweza kukubali kumpa. Wengine wangekubali. Lakini hatujawauliza."

"Baraza la Umri linakaa kesho. Utasoma kumi na saba, hakimu atagonga muhuri. Ukiwa na ushahidi, lete. Ukiwa na huruma, kaa nayo."

Somoe alimkuta Mfaume kwenye chumba cha kusubiria, akila muhogo wa kuchoma uliopitishwa dirishani na mtu asiyejulikana.

"Nisikilize," Somoe alinong'ona. "Hakuna wa kurudia kuhesabu. Nitasema mistari thelathini na sita. Gawa kwa mbili, kumi na nane. Utatoka kesho kutwa."

Mfaume aliacha kutafuna.

"Na wenzangu?"

"Nitaangalia mmoja mmoja..."

"Utaangalia? Nanjota ulimwangalia?" Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana ilichoma. "Nanjota tulicheza jando pamoja. Porini mwezi mzima, tukilalia majani mamoja. Ulimpa miaka kumi na sita, akapelekwa mavuno ya tatu, nikambeba mgongoni miezi miwili kabla hajafa. Sasa unataka mimi nitoke kwa uongo, niende zangu, Jedwali libaki palepale linakula wengine? Sitaki, dada. Ukisema thelathini na sita, nitasimama niseme umedanganya."

"Hawataandika maneno yako."

"Nitayasema hivyohivyo."

Somoe aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

*

Kulikuwa na mfupa mmoja wenye cheti.

Mama yake Somoe, Bi. Asumini, alikuwa mpishi wa kambi ya Chiuwe. Alipojifungua alikwenda kliniki ya misheni kwa siri, mtoto akapewa kadi yenye tarehe na muhuri, na mtoto alipofika miaka mitano na mgongo kuanza kuwa mgumu, mama alimfunga khanga akapanda naye gari la mizigo hadi Lindi mjini, ambako nako mvua ni moja. "Usivue nguo mbele ya mtu," alimwambia tangu siku hiyo, kila siku, mpaka likawa kama salamu. Somoe aliogea peke yake, akashona nguo za shingo ndefu, akakataa wachumba wawili aliowapenda. Watu walimtania haongezeki umri. Akacheka nao.

Aliporudi Chiuwe kufanya kazi alijiambia ni kwa sababu ya mshahara. Ukweli ni kwamba alitaka kuwa upande wa hadubini ambao hautobolewi. Huko ndiko alikojificha, nyuma kabisa ya adui, na kwa miaka minne kilikuwa kificho kizuri sana.

Alifunga mlango wa maabara mchana huo, wenzake wakiwa kwenye chakula. Akaweka kioo kimoja mbele na kimoja nyuma, akatafuta kwa vidole bamba la juu kabisa, chini kidogo ya nywele. Dawa ya ganzi alikuwa nayo. Aliidunga, akasubiri, akatoboa. Sauti ya mfupa wake mwenyewe ikitobolewa aliisikia ndani ya meno.

Angeweza kuishia hapo. Hiki kipande akikitupa, kesho atasoma kumi na saba, atarudi kwenye chumba chake chenye feni, atazeeka polepole hadi mtu aanze kuuliza maswali, kisha atahama. Akikipeleka, hatakuwa na chumba. Jina lake litaingia kwenye daftari la walelewa, na mgongo wake haujavunwa hata mara moja. Mabamba yote yangalipo, safu nne kamili. Dakta Mshanga angenawa mikono kwa furaha.

Alimfikiria yule binti wa wodini aliyesimama. Alimfikiria Nanjota, ambaye sura yake hakuikumbuka, akibebwa mgongoni miezi miwili. Hasira ikampanda, na mara hii haikuwa ya Dakta Mshanga peke yake. Alichukua msasa.

*

Hakimu Atupele alisafiri kutoka Lindi kila baada ya miezi mitatu, akagonga mihuri thelathini kabla ya chakula cha mchana, akaondoka. Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula la kambi, lenye harufu ya maharage. Walelewa walikaa nyuma, Mfaume mbele yao na mlinzi kila upande.

"Jina, umri, kazi," karani aliuliza, kama anavyoulizwa kila shahidi.

"Somoe Chingwile. Miaka thelathini na mitano. Msomaji wa mifupa." Karani akaandika.

"Mheshimiwa Hakimu, kabla ya kusoma mfupa wa Mfaume Likunda, naomba Mlezi Mkuu anisaidie kuhesabu kipande kimoja, ili Baraza lione kazi inavyofanyika."

Dakta Mshanga alipenda kuombwa. Alisimama mbele ya ukuta mweupe walikorusha picha: mfupa mkubwa kama mlango, rangi ya asali, mistari myeusi ikizungukana. Akachukua fimbo akahesabu kwa sauti, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alipofika thelathini akakohoa, akaendelea.

"Thelathini na minne. Kwa Jedwali, miaka kumi na saba. Ni mtoto."

"Una hakika, Dakta?"

"Nimesoma mifupa kabla wewe hujazaliwa."

"Karani ameandika?"

"Nimeandika," karani alisema. "Mistari thelathini na minne, kumi na saba, mtoto."

Somoe alitoa kadi ya kliniki kwenye pochi, karatasi ya njano iliyokunjwa mara nyingi, akaiweka mezani kwa Hakimu. Kisha akafungua kifungo cha shingo. Kifungo kikagoma, akakivuta mpaka kikakatika. Akageuka, akateremsha kola, akalipa bwalo zima kisogo chake chenye bandeji mbichi na safu ya mabamba inayoanzia hapo kushuka chini.

Nyuma mtu alipiga yowe dogo, kama anayeungua.

"Hicho kipande ni changu," Somoe alisema akiwa bado amegeuka. "Kadi hiyo inasema nilizaliwa lini."

"Walinzi!" Upole wote ulimtoka Dakta Mshanga. "Mshikeni huyo! Ni mlelewa aliyetoroshwa. Ni mali... ni mtoto wa Kampuni, mshikeni!"

Mlinzi mmoja alipiga hatua. Hakimu aliinua kalamu, na mlinzi akasimama.

"Dakta, rudia. Ni nani?"

"Ni mtoto wa Kampuni. Umeona mwenyewe mabamba."

"Wa miaka kumi na saba?"

"Kwa Jedwali, ndiyo!"

Somoe akageuka. Aliacha kola wazi. "Basi, Mheshimiwa, miaka minne iliyopita, nilipoanza kazi, nilikuwa na kumi na mitano kwa Jedwali hilohilo. Nimetia saini usomaji wa watu mia mbili na kumi na wawili. Saini zote ni za mtoto, na sheria ya Chiuwe inasema maneno ya mtoto hayaandikwi. Kwa hiyo hakuna hata mmoja kati ya wale watu aliyesomwa, na kila aliyevunwa kwa saini yangu amevunwa bila idhini ya mtu yeyote. Au mimi ni mtu mzima, na Jedwali ni la uongo, na watu wazima walifungwa mikono wakakatwa. Dakta achague. Mimi nimeshachagua. Nilikosea, nikatia saini, na Nanjota alikufa kwa hesabu yangu. Hilo liandikwe pia, kwa jina langu."

Dakta Mshanga aliitazama picha ukutani, ambayo alikuwa ameihesabu mwenyewe kwa fimbo, halafu akamtazama karani, halafu akakaa. Mikono yake ilitafutana juu ya mapaja kama inatafuta maji.

Hakimu Atupele alikuwa ameshika ile kadi kwa ncha za vidole. Aliisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Muhuri wake ulikuwa pembeni, kavu.

"Umri wa shahidi umekwisha kuandikwa," alimwambia karani. "Usiufute."

Ndipo Mfaume Likunda aliposimama. Walinzi wake walitazamana, na hakuna aliyejua kama ni kazi yake kumkalisha. Alitembea hadi mbele, akampita Somoe bila kumwangalia. Hakumshukuru, wala Somoe hakungoja shukrani. Aliuweka ule uzi mweusi mezani, juu ya kitabu cha mihuri, akamkabili karani.

"Na mimi niulize," alisema.

Karani alimtazama Hakimu. Hakimu alisogeza chupa ya wino karibu na mkono wa karani.

"Jina, umri, kazi," karani akauliza.

"Mfaume Likunda. Miaka thelathini na mitano." Alifikiri kidogo kuhusu kazi. "Bado sijachagua."

Karani akaandika.